Picha Mbaya Haitoki Studio Hii

Ilikuwa saa moja na robo jioni, wingu limeshameza nusu ya anga, na Bi Tulia alikuwa amepiga magoti juu ya paa la zege akiisaka nyota moja kwa kamera iliyong'olewa jicho. Chini, mlangoni pa studio yake, mabegi mawili yalikuwa yamefungwa tayari. Akiipata picha ya Zohali kabla wingu halijamfikia, mabegi yatafunguliwa. Akiikosa, kesho saa kumi na mbili asubuhi atapanda basi na binti yake kwenda kuishi naye huko anakofanyia kazi, na studio itafungwa, basi. Hakuna aliyemlazimisha. Maneno hayo aliyatamka mwenyewe siku nne nyuma, kwa hasira, kijiko cha chakula cha mchana kikiwa mkononi: "Nipe mpaka Ijumaa. Nikishindwa kupiga picha moja, moja tu, ufunguo huu hapa." Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Jina la Tulia hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja. Kwa miaka thelathini na minne alipiga picha za pasipoti, za harusi, za darasa zima la watoto waliopangwa kwa urefu, na kila aliyekalia kile kigoda cheusi aliambiwa neno lilelile: "Tulia." Si tabasamu, si angalia huku. Aliambiwa hakimu, aliambiwa mlevi, aliambiwa kichanga wa siku saba ambaye hajui hata kichwa chake kiko wapi. Na wote walitulia, kwa sababu mama huyu alikuwa na jicho la kumsimamisha jogoo anayekimbia. Mtaa ukamwita hivyo, naye akaitika.

Halafu, kwa mzaha ambao hakuna aliyeucheka, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ulianza kidogo, kama simu inayoita ikiwa imezimwa sauti. Mwaka wa pili ukaufuata mkono wa kushoto. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza, akamwambia kwa upole kwamba vya kuondoa havipo. Mteja mmoja aliyerudishwa kigodani mara tatu kwa sababu picha yake ya pasipoti ilitoka na ukungu alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Mama, tulia wewe kwanza!" Watu barabarani wakacheka. Yeye naye alicheka, akaingia ndani, akakaa gizani katika chumba cha kusafishia picha mpaka jioni.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa na sheria moja, nayo aliiandika kwa mkono wake kwenye ubao juu ya mlango: Picha mbaya haitoki studio hii. Kila Jumamosi alichukua zilizoharibika, picha pamoja na negativu, yaani filamu zenyewe, akazichoma ndani ya debe uani. Mtaa mzima ulijua moshi wa Jumamosi. Na mtu mwenye sheria kama hiyo, mkono ukimsaliti, anabaki na debe tu.

Ukuta wa studio ulikuwa na picha za binti yake, moja kwa kila mwaka tangu alipozaliwa, fremu kwa fremu, mpaka kwenye msumari mtupu. Msumari huo ulikuwa wa picha ya mahafali. Miaka tisa iliyopita binti alikuja na sare yake mpya ya uuguzi, nyeupe pe, akakalia kigoda, akaambiwa atulie, akatulia. Kesho yake mama akamwambia kwamba filamu iliingia mwanga. "Nenda kapige kwa yule kijana wa stendi, ana mashine mpya." Hakusema twende tupige tena. Binti hakwenda stendi, wala hakuuliza tena, ila kila alipokuja likizo jicho lake lilipita kwenye ule msumari kama ulimi unavyopita kwenye pengo la jino.

Safari hii hakuja likizo. Alikuja kwa sababu mama alianguka kwenye ngazi akiwa na taa ya moto mkononi, akaungua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Binti aliisafisha ile ngozi, akaifunga bendeji safi kabisa, kisha ndipo akasema.

"Mama, utajiua humu ndani. Unakuja kukaa kwangu."

"Nikafanye nini kwako?"

"Upumzike."

"Kupumzika nitapumzika nikifa. Mimi ni mpiga picha."

"Mpiga picha gani mama? Mara ya mwisho kupiga picha ilikuwa lini?"

Hapo ndipo kijiko kilipoinuliwa na kiapo kikatoka. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na binti huyu alikuwa na shingo ngumu ileile ya mama yake. Akasema, "Sawa. Ijumaa." Akauchukua ufunguo mezani, akautia mfukoni.

Ile picha moja ambayo Bi Tulia aliiwekea dau studio yake haikuwa ya mtu. Watu wanachoka, wanapepesa, wanamwonea huruma. Ilikuwa ya Zohali, ile sayari yenye pete. Mwalimu wa fizikia wa mtaa huo, alipohamishwa shule wiki kadhaa kabla ya kiapo hicho, alimwachia darubini ya kioo yenye bomba jeupe na miguu mitatu, haina kipande cha kuwekea jicho. "Kimepotea," alisema, "lakini wewe unajua lenzi kuliko mimi. Tia kamera mahali pa jicho." Akamwekea na programu fulani kwenye kompyuta ya studio, akamtumia maelezo marefu kwenye simu, akaondoka.

Bi Tulia aliyasoma maelezo nusu. Tangu lini mtu wa miaka thelathini na minne kazini akafundishwa kupiga picha kwa simu? Alichukua kamera ya kompyuta, ile ndogo ya kubana juu ya skrini, akaifungua kwa bisibisi ya miwani. Kazi ya robo saa ilimchukua jioni tatu. Mikono ilikataa. Skrubu moja ilirukia chini ya kabati na mpaka leo iko huko. Lakini aliing'oa lenzi yake, akakitoa kile kioo chekundu kidogo cha kuchuja mwanga kilichokuwa ndani, akafunika taa yake ya kijani kwa utepe mweusi. Ikabaki kushikisha kwenye darubini. Alipima tundu la darubini kwa jicho, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo iliyojaa vikopo vya filamu, vile vyeusi vya plastiki ambavyo binti alimwambia avitupe mara mia moja. Akakata kitako cha kimoja, akagandisha kamera hapo, akakiingiza. Kikakaa kama chanda na pete. Usiku huo alilala akitabasamu.

Furaha ya maskini haidumu. Usiku wa kwanza aliona kwenye skrini duara la moshi lenye tundu katikati, akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. "Pete! Pete hizo!" Alimtumia mwalimu. Mwalimu akamjibu kwa heshima zote kwamba hiyo si pete, ni nyota iliyoonekana kabla darubini haijakazwa hadi ukungu uishe. Lile tundu ni kivuli cha kioo kidogo kilicho ndani ya bomba. Baada ya hapo alijifunza kukaza. Alijifunza pia kwamba dunia inazunguka haimsubiri mtu: Zohali ikiingia upande mmoja wa skrini, haimalizi dakika kabla ya kutokea upande wa pili. Kila usiku alirekodi video, akaipitia kipande kwa kipande, akachagua picha moja iliyo safi kuliko nyingine, akaitazama, akaona ni mbaya, akafuta yote. Debe la Jumamosi sasa lilikuwa kitufe. Usiku kumi na mmoja, kabla na baada ya kiapo, alifuta.

Na leo ndiyo Ijumaa yenyewe.

Alikuwa ameilenga darubini mapema, jua likiwa bado lipo, kwenye taa nyekundu ya mnara wa simu, akalinganisha bomba kubwa na kile kidarubini kidogo cha kulengea. Miguu aliikandamiza kwa matofali. Mguu mmoja skrubu yake ilikuwa imelegea, akaukaza kwa kipande cha mti na kamba. Kompyuta iliwekwa juu ya kreti la soda, imefunikwa sanduku la kadibodi ili mwanga wake usimpofue. Wingu lilikuwa linatoka upande wa kiwanda cha magodoro, zito, halina haraka, lakini halisimami.

Akaangalia kwenye kidarubini. Nyota ya manjano ikatetemeka kwenye msalaba. Haikutetemeka nyota, alitetemeka yeye. Akajiegemeza kwa tumbo kwenye ukuta mfupi wa paa, akazuia pumzi, akazungusha kifundo cha kusogezea bomba kidogo sana. Skrini ilikuwa nyeusi. Akazungusha tena. Nyeusi. Jasho likamtoka kwenye nyusi. Wingu lilikuwa limeshaufikia mnara na ile taa nyekundu ikawa inafifia.

"Njoo mama, njoo," alinong'ona, kama mtu anayeita kuku.

Kitu cheupe kikapita kwenye skrini, fyuu, kikapotea. Akarudisha kifundo nyuma nukta moja. Kikarudi, kimevimba, moshi mtupu. Kukaza sasa. Kama angekigusa kifundo cha kukazia kwa vidole vyake, picha yote ingecheza ngoma. Kwa hiyo alikuwa amebana hapo kibanio cha nguo, kile cha mbao, ili ncha yake ndefu isukumwe kwa kucha tu. Akasukuma. Moshi ukanywea. Akasukuma. Ukanywea tena, ukawa yai. Akasukuma kidogo sana, na lile yai likapata masikio mawili.

Hakupiga kelele safari hii. Alibonyeza kitufe cha kurekodi kwa kifundo cha kidole.

Sekunde tano. Zohali, ndogo kuliko punje ya mchele, ikaanza kuvuka skrini. Sekunde nane. Hapo mlango wa ngazi ukalia na hatua zikasikika juu ya paa, na kila hatua ile punje iliruka kama imepigwa kofi.

"Mama, mvua inakuja, shuka..."

"Tulia!"

Lilitoka na nguvu zake zote za zamani. Binti, mwanamke wa miaka thelathini na mbili anayeamrisha wodi nzima, aliganda mguu mmoja ukiwa juu. Akakaa hivyohivyo gizani. Sekunde kumi na tano. Punje ikatulia, masikio yake mawili safi, na kati ya masikio na kichwa kulikuwa na weusi mwembamba. Ni pete. Bi Tulia aliona, na akajua kwamba anaona.

Ndipo kile kipande cha mti kikatoka kwenye mguu wa darubini.

Darubini haikuanguka. Ilianza kuzama upande mmoja taratibu, na punje ikawa inakimbilia ukingo wa skrini. Hakukuwa na muda wa kufikiri. Aliukumbatia ule mguu kwa mikono yote miwili, akauinua, akaushika. Mikono yake. Mikono ileile. Kwenye skrini Zohali ilirudi katikati ikawa inatetemeka kama nzi aliyenaswa, juu, chini, pembeni, haikai. Bendeji ya mkononi ikamvutia ngozi, maumivu yakampanda hadi begani. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Nikusaidie?" binti alinong'ona.

"Usisogee."

Sekunde thelathini. Arobaini. Wingu likafika. Punje ikafifia, ikawa kivuli, ikazimika. Tone la kwanza la mvua likagonga sanduku la kadibodi.

Waliiteremsha mitambo mbio. Ndani ya studio, Bi Tulia alikaa mbele ya kompyuta na kanga ya kujifutia mvua begani, akaifungua video. Sekunde chache zilikuwa nzuri. Zilizobaki zilikuwa aibu tupu. Aliipitia mara moja, mara mbili, akichagua moja iliyo safi, na hata ile safi ilikuwa na chengachenga na ukungu. Binti alikuwa amekaa juu ya mabegi mlangoni, anamtazama. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tik, tik, utadhani inalipwa kwa kila moja.

"Basi," mama alisema. "Nimeshindwa. Picha mbaya haitoki studio hii." Akapeleka mshale kwenye kitufe cha kufuta. Kwa sababu ya mkono wake, mshale ulikikosa mara mbili.

"Subiri kwanza. Mwalimu alisemaje?"

"Mwalimu ana maneno mengi."

Binti alichukua simu ya mama yake, akatafuta ule ujumbe, akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akainuka ghafla.

"Mama! Usiguse hapo! Sikiliza: 'Video ni mamia ya picha, na kila moja peke yake ni mbaya. Ndivyo ilivyo, usivunjike moyo. Usifute hata moja. Ile programu itazipima zote, itachukua zenye nafuu na kuzipanga moja juu ya nyingine. Zikitetemeka si kitu, itazisogeza zikutane.' Ulisoma hapa?"

"Sikufika huko."

"Ulikuwa unafuta?"

"Usiku kumi na mmoja."

Binti aliiweka simu chini. Akavuta kigoda cheusi, akakaa kando ya mama yake. Ile programu ilikuwa kwenye kona ya skrini, haijawahi kufunguliwa. Wakaitia video. Mashine ikahesabu: picha elfu moja, mia mbili na kumi. Ikaanza kuzipima. Feni yake ikavuma, mstari wa kijani ukatambaa, ukakwama kwenye nusu, ukakaa hapo muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai, kuinywa na kujuta. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Bi Tulia alikuwa ameikalia mikono yake ili isionekane.

Mstari ukafika mwisho. Skrini ikawa nyeusi, kisha picha ikajitokeza katikati.

Ilikuwa ndogo. Rangi yake ya maziwa yaliyochacha, ukingo wake laini. Lakini tufe lilikuwa tufe, pete ilikuwa pete, imelizunguka pande zote, na giza kati yao lilikuwa giza halisi, unaweza kupitisha uzi. Hakuna mtetemo hata chembe.

"Imetumia ngapi?" mama aliuliza.

Binti akasogea kwenye skrini. "Mia saba na tisini."

Mama alipiga hesabu. Sekunde zile nzuri, kabla mguu haujalegea, hazikutosha hata picha mia tatu. Nyingine zote zilitoka pale alipokuwa ameshika kwa mikono yake.

Binti aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akausukuma taratibu hadi ukagusa kiwiko cha mama yake. "Umeshinda," alisema, na alikuwa anatabasamu kweli. "Nitafungua mabegi. Ila ngazi ile utawekewa vishikio, hilo sibishani na mtu."

Hapo Bi Tulia alipaswa kufurahi. Alikuwa ameshinda. Badala yake alikuwa anautazama ukuta, ule msumari mtupu.

"Filamu haikuingia mwanga," alisema.

"Filamu gani?"

"Yako. Ya mahafali. Haikuingia mwanga. Nilikudanganya. Nilipiga nane na zote nane zilitetemeka. Ndiyo siku nilipojua kwamba mkono umekwisha. Niliona aibu mwanangu. Ningeipigaje tena?"

Binti alisimama. Akaenda hadi ukutani akarudi. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa mimi najua hukujali. Najiambia, amepiga picha watoto wa watu wote wa mji huu, mimi siku yangu moja ananiambia nenda stendi. Unajua nililia njia nzima ndani ya basi?"

"Sikujua."

"Ungejuaje! Hukuuliza!" Sauti ilimpasuka. "Na ukazichoma. Bila hata kunionyesha, ukazichoma na takataka zako za Jumamosi."

Mama aliinuka, akaingia chumba cha kusafishia picha, na binti akasikia makopo yakigongana na kitu kikianguka. Alitoka na boksi la zamani la karatasi za picha. Kutoka chini kabisa akatoa bahasha. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka vibaya hata bahasha ikawa inalia kama majani makavu. Binti hakumsaidia. Alimwacha aifungue mwenyewe.

Ulikuwa ukanda mmoja wa negativu, fremu nane. Binti aliuinua mbele ya taa. Sare yake nyeupe ilikuwa nyeusi, uso wake ulikuwa mweupe, na katika kila fremu alikuwa amehama kidogo, ana kingo mbili, ana macho manne. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na ametulia tuli, kama alivyoambiwa. Alizitazama moja moja, mpaka ya mwisho, kisha akaanza upya kutoka ya kwanza.

Mama alijifuta uso kwa kanga. Akaivaa miwani, akanyoosha mkono. "Lete nione. Kesho asubuhi nitachagua ile yenye nafuu..."

"Usichague." Binti hakuupeleka ukanda. Aliushika kifuani kwanza, halafu akamwekea mama yake kiganjani, akamfumba vidole juu yake kwa mikono yake yote miwili mpaka vikaacha kucheza. "Nisafishie zote, mama. Zote nane."